Wasomaji Wanauliza: NBA Jam na ushindi unaoponyoka robo ya mwisho

SWALI: Ndugu Mhariri, ndugu yangu anayeishi Uingereza aliniletea mashine ya gemu ya Mega Drive iliyotumika pamoja na kaseti ya NBA Jam, gemu ya mpira wa kikapu niliyoicheza utotoni nyumbani kwa binamu zangu. Siku hizi ninaicheza na kijana wangu aliyeko kidato cha pili. Kinachonishangaza ni kwamba nikishaongoza kwa pointi kumi na kitu, mitupo yangu huanza kugonga ringi na kurudi, ilhali yeye hufunga hata akirusha akiwa mbali mno. Je, kaseti imechakaa, au mikono yangu ndiyo imezeeka? — *Msomaji, Tanga*

JIBU: Kaseti yako ni nzima, na mikono yako tuiache na heshima yake. Unachokiona kiliwekwa humo kwa makusudi. NBA Jam ilitolewa mwaka 1993 na kampuni ya Midway ya Chicago, chini ya mbunifu Mark Turmell, ikiwa ni mashine kubwa ya kumbi za michezo iliyoendeshwa kwa sarafu. Mchezaji alilipia muda wa kucheza, na akitaka kuendelea na robo inayofuata alitumbukiza sarafu nyingine. Sasa mtu aliyekwisha kuachwa kwa pointi ishirini atoe sarafu ya nini? Ndiyo maana programu iliagizwa kumwongezea bahati anayeburuzwa na kumpunguzia anayeongoza, ili pambano libaki la karibu hadi mwisho. Kampuni ya Iguana ilipotengeneza matoleo ya nyumbani, ambayo Acclaim iliyaingiza sokoni Machi 1994, utaratibu huo ulihamia humo pamoja na mengineyo, ingawa sebuleni hakuna anayedaiwa sarafu.

Turmell, ambaye ni mzaliwa wa Michigan na shabiki wa timu ya Detroit Pistons, amesimulia mwenyewe kwamba alikwenda mbali zaidi: katika mashine ya ukumbini aliweka amri ya siri ili Chicago Bulls wanapocheza na Pistons katika pambano la karibu, mitupo ya Bulls ya sekunde za mwisho ikose. Upendeleo wa wazi kabisa, lakini mimi humsamehe, kwa kuwa gemu nzima imejengwa kwa utundu wa namna hiyo.

Msaada huu unaweza kuuzima. Kabla ya kuanza mchezo, ingia kwenye menyu ya mipangilio, tafuta kipengele cha msaada wa kompyuta, kisha ukizime. Hata hivyo, ushauri wangu ni kuuzima pale tu wachezaji wawili wanapolingana uwezo. Ikiwa mmoja amezoea na mwingine ndiyo kwanza anajifunza, uacheni ufanye kazi, maana bila huo mechi itakuwa imekwisha katika robo ya pili na kijana atarudi kwenye simu yake.

Ukiuacha, basi badilisha mbinu. Kujilimbikizia pointi mapema hakuna faida, kwa sababu kila unavyozidi kuongoza ndivyo mzani unavyoelemea upande wa mwenzako. Anayeijua gemu hii huridhika kuwa nyuma kwa kikapu kimoja au viwili hadi robo ya nne, kisha hutafuta kuwaka moto. Mchezaji mmoja akifunga mara tatu mfululizo, mpira huanza kutoa miali, mtangazaji Tim Kitzrow hupaza sauti, na kuanzia hapo mchezaji huyo hukimbia kwa turbo, yaani kasi ya ziada, isiyokwisha, hulenga vizuri zaidi, na anaweza hata kuondoa mpira unaoshuka kikapuni bila kuadhibiwa. Hali hiyo hukoma mpinzani wako akifunga. Kwa hiyo ukishawaka, nguvu zako nyingi zielekeze kwenye kuzuia: msukume anayeshika mpira, kwani refa wa gemu hii hapulizi faulo, halafu ruka mapema kidogo kuliko unavyodhani inafaa.

SWALI: Kwa nini Michael Jordan hayumo, wakati Bulls wamo? Na je, Waafrika wamo? — *Msomaji, Bujumbura*

JIBU: Haki za kutumia jina na sura ya Jordan hazikuwa ndani ya mkataba wa pamoja wa wachezaji wa ligi, alizisimamia mwenyewe, na Midway haikuwa nazo. Bulls wakaongozwa na Scottie Pippen. Waafrika wamo, tena wa kuogopwa: Hakeem Olajuwon wa Nigeria yuko Houston, na Dikembe Mutombo, mzaliwa wa Kinshasa, yuko Denver. Kwa kuzuia mitupo mimi humchagua Mutombo bila kufikiri mara mbili.

SWALI: Nimeletewa mashine ya gemu ya Super Nintendo kutoka Marekani. Naweza kuichomeka moja kwa moja? — *Msomaji, Nairobi*

JIBU: Usithubutu. Adapta yake ni ya umeme wa volti 120, na wetu ni wa 240. Itaungua siku hiyo hiyo. Tumia transfoma ya kushusha umeme. Usijaribu adapta ya Super Nintendo ya Ulaya, kwa sababu ile hutoa umeme wa aina nyingine. Kuhusu picha, mashine za Marekani huonyesha picha 60 kwa sekunde, na runinga nyingi bapa za leo huzipokea bila shida. Hapo una bahati kumzidi ndugu yetu wa Tanga, kwani mashine za Ulaya huonyesha 50, na gemu nyingi za enzi hizo zilikwenda polepole humo kwa takriban asilimia 17.

Runinga bapa zina kasoro yao, nayo ni kuchelewesha picha kwa sehemu ndogo ya sekunde, jambo linaloharibu kabisa kuzuia mitupo. Washa hali ya gemu (Game Mode) kwenye menyu ya runinga. Na picha ikikataa kutokea, usipulize kaseti kwa mdomo kama tulivyofanya utotoni, kwa kuwa unyevu wa pumzi huleta kutu kwenye meno yake ya shaba. Lowesha kijiti cha pamba kwa spiriti, sugua meno hayo taratibu hadi pamba isitoke tena nyeusi, acha yakauke, ndipo uirudishe.