Mwanangu, kuhusu hela ya mabati

Mwanangu mpendwa,

Shikamoo yako nimeipokea, marahaba. Baba yako hajambo, mguu umepungua kuvimba, nami sijambo. Ujumbe wako wa Jumapili tumeusoma, kwanza mimi peke yangu, kisha nikamsomea baba yako huku nikiruka pale ulipomtaja. Najibu kwa karatasi, mdogo wako ataipiga picha akutumie, kwa sababu vidole vyangu na ile simu havielewani, na jambo lenyewe si la maneno matatu.

Umeuliza kwa adabu, sikatai, lakini swali ni kali: kwa nini laki sita ulizotuma mwezi wa kumi kwa ajili ya mabati zimeishia kwenye harusi ya watu, na kwa nini miaka yote nyumba hii ina hela ya sare za harusi na haina hela ya paa. Ukaongeza la bima. Ukaongeza na lile la suti, ambalo nilidhani limezikwa.

La bima tulimalize upesi. Ni kweli kadi ya bima ya afya ya kaya ilikuwa elfu thelathini kwa mwaka na ilibeba watu sita, na ni kweli kitenge cha sare pamoja na mshono vilizidi hapo. Baba yako amelipa wiki iliyopita. Amelipa kwa kelele zangu, si kwa kelele zako, kwa hiyo usijipongeze.

Paa linavuja, hilo nalo ni kweli. Ila umeandika kama vile mimi sijui bati ni nini. Mimi nimelelewa na mabati, mwanangu. Nyumbani kwetu hayakuzungumzwa mambo mengine.

Babu yako, unajua, aliletwa huku miaka ya hamsini na Silabu, ile ofisi ya kuajiri vibarua wa mashamba ya mkonge, manamba wa mkataba kutoka Songea, kuja kukata mkonge. Mkataba ukaisha, hakurudi. Akaendelea kukata, akaoa kambini, sote tukazaliwa kambini. Lakini kichwani mwake hakuhamia Korogwe hata siku moja. Alikuwa anaweka akiba ya nyumba ya matofali ya kuchoma huko kwao, nyumba ya mabati thelathini. Kila akipokea mshahara anakwenda kuweka benki, anarudi na kile kijitabu cha akiba, anakaa kizingitini anahesabu yamefika mangapi. Sisi hatukuwa na viatu, lakini tulikuwa na mabati thelathini.

Na kwa ajili ya mabati hayo hakumchangia mtu. Harusi, hapana. Mwali akitolewa, hapana. Msibani alikwenda, maana alikuwa mtu wa dini: anakaa mkekani, anasali, anaondoka na senti zake mfukoni. Kambini walimpa jina ambalo sitaliandika hapa.

Mwaka 1979 mdogo wangu wa mwisho akafa kwa surua. Ndiye mjomba wako ambaye hukumjua. Ndio wakati vijana wanarudi kutoka vita vya Uganda, sabuni hakuna, sukari kwa foleni. Watu walikuja. Nataka ulielewe hilo, walikuja, kwa sababu hakuna anayesusa msiba. Walikaa mkekani, wakasali, wakaondoka. Walitulipa sawasawa na tulichokuwa tukiwapa. Hakuna aliyeleta mzigo wa kuni. Hakuna aliyeinua sufuria. Hakuna mwanamke hata mmoja aliyesema, mama mfiwa, keti, mimi nitakoroga. Bibi yako, mtoto wake akiwa bado yumo ndani, alitoka uani akawasha moto akawakorogea uji wachimba kaburi. Mwiko mwingine nilishika mimi. Babu yako alisimama mlangoni akatutazama, na mpaka leo nikisikia harufu ya uji wa mtama nyumbani kwa mtu hasira hunipanda, na mwenye nyumba hajui amenikosea nini.

Hela haina kwao, mwanangu. Nawaambia hivyo tangu mko wadogo, mnacheka. Wasambaa wana milima yao, Wazigua wana vijiji vyao, mtu akifa kuna shangazi na binamu na wajukuu wa babu mkubwa. Sisi tulioletwa kwa mkataba tulikuwa na mlango wa kushoto na mlango wa kulia. Ukoo wetu hapa tumeutafuta kwa mchango mmoja mmoja, mimi na bibi yako, tangu mwaka ule. Babu hakujua nusu ya alichokuwa akitoa mkewe kwa siri, vibaba vya mchele vikipita dirishani.

Tena hayo mabati yenyewe! Nilifundisha hesabu darasa la sita kwa miaka mingi, basi acha nikupigie hesabu. Mwaka huo wa 1979 dola moja ilikuwa kama shilingi 8. Mwaka 1984 serikali ikaishusha shilingi, dola ikawa 17. Mwaka 1986 ikawa 40. Ilipofika 1995 ilishapita 500. Babu yako hakuwahi kuishika dola, lakini bati lilikuwa linaijua. Alipostaafu mwaka 1988 ndio kwanza ruksa ya Mzee Mwinyi, biashara zimefunguliwa, maduka yamejaa vitu ambavyo hatukuviona tangu ujana wetu, na bei zake zimejaa vilevile. Akatoa akiba yote, akapanda lori la kampuni kwenda Tanga mjini, akarudi jioni na mabati manne na kilo ya misumari. Hakuna aliyemwibia. Kijitabu kilikuwa sahihi mpaka senti ya mwisho. Unayajua mabati hayo: ndiyo yaliyo juu ya jiko la nje, yale uliyokuwa ukiyapiga mawe ili bibi yako atoke kukufukuza. Nyumba ya Songea ni hiyo.

Hakusema kitu. Alikaa palepale kizingitini.

Lakini tusimwonee marehemu. Hakunywa, hakukopa, hakumpiga mtu. Shilingi ingebaki mahali pake, leo mngekuwa na babu wa kusifiwa, na mimi hapa ningekuwa nakuhubiria akiba. Ni nani alijua? Benki haikujua, walimu wetu wa siasa hawakujua. Kwa hiyo ninapokuambia hela haina kwao sisemi babu alikuwa mjinga. Au nasema? Nimeishi na swali hilo muda mrefu, na siku nyingine nikiwa nimechoka jibu linakuja lenyewe, nalirudisha.

Na wewe vipande vyako vya UTT, ule mfuko wa uwekezaji wa pamoja, endelea navyo. Ulinionyesha kwenye simu vinavyopanda, nimeona, na nimefurahi. Ila kijitabu cha babu nacho kilipanda kila mwezi. Kilichoshuka hakikuwa ndani ya kijitabu.

Sasa suti. Unasema ulipokuwa kidato cha pili ulirudishwa kwa ajili ya ada, ukafika nyumbani jioni na sanduku kichwani, ukamkuta baba yako anajitazama kwenye kioo, suti mpya ya harusi. Ulivyosimulia ndivyo ilivyokuwa. Ada ya bweni elfu sabini, na leo mdogo wako anasoma bila ada wala hajui hofu hiyo ilivyokuwa. Shamba la mkonge lilikuwa limeuzwa, korona, ile mitambo ya kuchakata mkonge, imesimama, mafundi wote wamepunguzwa, na baba yako katika kiinua mgongo chake kilichokuja kwa mafungu akakata fungu moja akashona suti. Kuhusu suti hiyo sitasema kitu. Ni mume wangu, wewe ni mwanawe, na mimi si hakimu kati yenu. Mwanamume aliyezoea kuitwa fundi mkuu akabaki anaitwa baba fulani, labda alihitaji siku moja ya kutazamwa. Sitasema kitu. Ila rangi ile ya maziwa, kwa mtu wa Korogwe, na vumbi letu hili!

Wewe unakumbuka suti. Hukumbuki kwamba ulirudi shule baada ya siku chache na risiti mkononi, wala hukuuliza imetoka wapi. Nilikuwa nacheza kijumbe, yaani upatu, na kina mama wa hapa mtaani Manundu. Zamu haikuwa yangu, ilikuwa ya yule mama muuza samaki, na yeye alikuwa anaisubiri kwa mtaji, kwa sababu samaki wake walikuwa wameoza kwenye basi lililoharibika njiani. Nilikwenda kwake usiku. Sikumaliza hata salamu. Alisema, chukua, mimi nitakopa kwa wenzangu sokoni. Akanipisha. Mwezi mzima alikaa sokoni anauza ndimu.

Harusi iliyokula mabati yako ni ya mjukuu wake.

Usiniambie ningekueleza mapema. Ungeniambia, basi mama, mpe elfu sabini zake na riba. Nakujua, wewe na babu yako mmekatwa kwenye gogo moja. Na jambo lenyewe si hilo, maana yule mama hakuwahi kunidai, na huenda angenipisha hata kama nisingewahi kuvaa sare ya binti yake. Nimelifikiria hilo. Pengine ni moyo wake tu, na mimi miaka yote nachangia nikidhani nimenunua kitu kilichokuwa cha bure. Lakini msiba wa 1979 unanijibu palepale, na mimi siwezi kubahatisha tena.

Hesabu ya laki sita hii hapa, kwa kuwa umeomba. Makato ya kutoa kwa wakala, elfu kumi na mbili. Sare na mshono, hamsini na tano. Sufuria za bibi harusi kwenye kitchen party, themanini. Ahadi ya mchango wa harusi, laki tatu. Iliyobaki, laki na hamsini na kitu, imenunua mbao za papi, ziko nyuma ya nyumba chini ya turubai, na kama ungeuliza kuna nini badala ya kuuliza hakuna nini, ungeambiwa.

Hapo kwenye ahadi najua utasimama. Mimi na baba yako tulikubaliana laki na nusu. Tulikubaliana sebuleni, mimi na yeye, tukiwa na akili zetu. Akaenda kikaoni, mwenyekiti akamwita kwa jina la zamani, fundi mkuu, watu wakapiga makofi, akasimama akasema laki tatu. Nilikuwa nimekaa kwa kina mama, sikuweza hata kumkanyaga mguu. Na hizi harusi za siku hizi zina mambo ambayo bibi yako asingeyaelewa: ukumbi, mshereheshaji wa kulipwa, gari la kupiga picha, kadi ya mtu mmoja bei yake, kadi ya wawili bei yake, na usipomaliza ahadi unapigiwa simu na mweka hazina kama mdaiwa wa benki. Kuchangia msiba wa jirani na kuchangia keki ya ghorofa sita si kitu kimoja, hilo nakubaliana nawe kabisa, na nimemwambia baba yako, na amekwenda kulala bila kunijibu. Lakini utachanganua vipi? Utakwenda kwa mwenzio umwambie, shida zako nitakuja, furaha yako ni ghali? Mimi sijapata ulimi wa kusema hivyo. Ninyi wa Dar mkiupata mtuletee.

Umeuliza mwishoni kama tutaudhika ukinunua mabati mwenyewe na kuyaleta, badala ya kutuma hela. Baba yako ameudhika. Amesema, basi tumekuwa watoto. Mimi sijaudhika, nimepumua. Mtu asiyeweza kusema hapana mbele ya makofi ni afadhali apewe bati, bati halina pa kwenda ila juu. Hela tu ndiyo haina kwao. Usimwambie nimesema.

Basi ukinunua, nunua geji 28. Usije na geji 30 ukatuambia ni bei nafuu, upepo wa huku unaujua, na paa la jirani mwaka jana lilikunjwa lote. Kofia za paa usizisahau, na misumari yenye mipira. Rangi, baba yako anataka nyekundu. Mletee nyekundu, hilo mpe. Fundi amekuja akapima, kenchi za upande wa chumbani mbili zimeliwa na mchwa, atabadilisha. Kuezua na kupandisha hatutalipa vibarua, vijana wa Manundu wameshasema watakuja, sisi tupike tu wali. Iwe kabla ya mwezi wa tatu, masika haitamsubiri mtu.

Salamu kwa mkwe wangu na wajukuu. Kiwanja chako cha Chanika usikiache bila mtu, weka hata banda.

Na jambo jingine, kabla mdogo wako hajapiga picha. Binti wa shangazi yako ana send-off baada ya Pasaka, na mweka hazina amepita kuuliza wewe aandike kadi ya mmoja au ya wawili. Nimemwambia ya wawili, na kwamba utalipa mwenyewe kwa simu yako, si kupitia kwa baba yako.

Ni mimi mama yako.