Re: Fueli seli ya nyumbani badala ya jenereta

Mkuu, umeuliza kama unaweza kufunga fueli seli hapo kwako Mbezi ikupe umeme na maji ya moto, jenereta upumzike nayo. Teknolojia ipo kabisa, Wajapani wanaziuza za majumbani tangu 2009, zinaitwa Ene-Farm, zinakula gesi ya bomba, ndani gesi inageuzwa kuwa haidrojeni, haidrojeni inakutana na oksijeni ya hewani unapata umeme bila injini wala kelele, na joto linalobaki ndo linapasha maji ya kuoga. Ila nyingi zinatoa kama wati 700 tu, hapo pasi peke yake inakushinda.

Kinachouma ni bei na uimara. Fueli seli zinazofanya kazi kwa joto la chini zinataka platinamu, madini ya bei mbaya, tena kaboni monoksaidi kidogo tu ikibaki kwenye ile haidrojeni inaiharibia kazi. Za seramiki (kitu kama udongo wa vigae) hazina haja ya platinamu lakini zinachemka mpaka nyuzi 700 hivi, sasa ukiwa unazima unawasha kila umeme ukikatika seramiki inatanuka inasinyaa mwisho inapasuka, yani inataka iwake muda wote, sio kitu cha dharura kabisa. Watafiti wanahangaika kushusha hilo joto ili watumie vyuma vya kawaida, wakifanikiwa bei itashuka kweli.

Halafu mkuu joto la Dar unalijua, nusu ya faida ya hii mashine ni joto, utalipeleka wapi? Hoteli au hospitali sawa. Wewe funga sola, inveta na betri ya lithiamu.