Wape ramani, wewe tembea nyuma

Mwalimu mwenzangu, umeuliza kama siku tatu za kutembea na kulala kwenye mahema zitawafaa vijana wako wa miaka 16 na 17, au zitawaibia tu muda wa mitihani. Zitawafaa sana, mradi usiwaswage kama mbuzi.

Umri huu unataka kuaminiwa. Wapange njia wenyewe. Wafundishe kanuni ya kukadiria muda wa kutembea ya William Naismith, mpanda milima wa Scotland, ya mwaka 1892: saa moja kwa kila kilomita 5 hivi, na saa moja zaidi kwa kila mita 600 za kupanda. Wakokotoe usiku wa kuamkia safari, kisha jioni walinganishe na saa walizotumia kweli. Watagundua kanuni haikuhesabu mapumziko, matope wala mwenzao mwenye malengelenge, na hapo mjadala utawaka: nani alitembea mbele mno, nani hakusema kuwa amechoka? Mjadala huo usiukatishe. Kwangu mimi ndio somo lenyewe, kuliko hata kilele.

Wakikosea njia, nawe unaona hakuna hatari, nyamaza. Ni vigumu, najua. Lakini penye mto uliofurika, genge au radi, amri ni yako, na hilo walijue kabla ya kuondoka.

Ridhaa za wazazi, dawa za wenye pumu na mtu wa huduma ya kwanza ni lazima. Na safari iwekwe mapema katika muhula, mbali na mitihani.