Kabati la Vitabu: Mbona Tabora Haimo?

Safari hii barua nyingi zimetoka upande wa magharibi wa reli, na karibu zote zinauliza kuhusu riwaya kongwe za ajabu na za sayansi ya kubuni. Tumejibu sita.

Nafundisha Kiingereza kidato cha tatu. Nimeambiwa kuna riwaya ya Jules Verne ambayo baluni linapita juu ya Tabora. Nimeipakua kwenye simu, nimetafuta neno "Tabora" mwanzo hadi mwisho, halimo. Nimedanganywa?
*Mwalimu, Isevya, Tabora*

Hukudanganywa, mwalimu. Umetafuta jina ambalo Verne hakulitumia. Kitabu ni *Five Weeks in a Balloon*, kilichotoka Ufaransa mwaka 1863. Andika "Kazeh" kwenye sehemu ya kutafutia na utafika palepale. Kazeh ndicho kituo cha wafanyabiashara Waarabu walichofikia wasafiri Waingereza Richard Burton na John Speke mnamo Novemba 1857, katika eneo la Tabora ya leo. Verne huku hakufika. Alikaa kwao akisoma taarifa za wasafiri, ndiyo maana majina yake ni ya kwenye vitabu vyao.

Baluni, kwa jina *Victoria*, linaondoka Zanzibar tarehe 18 Aprili 1862 likiwa na watu watatu: Dokta Fergusson, rafiki yake Kennedy na mtumishi Joe. Sura ya 15 yote ni Kazeh. Soko limechangamka, ghafla kitu cha mviringo kinashuka kutoka angani, na watu wanakata shauri kwamba ni mwezi umewatembelea. Fergusson anapelekwa kwenye tembe la sultani mgonjwa, na ugonjwa wenyewe kumbe ni pombe. Kisha jioni mwezi wa kweli unachomoza. Miezi miwili katika anga moja! Utapeli umefichuka na wageni wanatimua mbio.

Utani huo umejengwa juu ya jina Unyamwezi, "Nchi ya Mwezi", ambalo Verne alilikuta likiwa limefasiriwa hivyo. Kwa msomaji wa Paris lilikuwa pambo tu. Wanafunzi wako wataona mshono ulipo. Waoneshe pia neno "Wangaga" katika tafsiri ya zamani ya Kiingereza. Waache wabuni wenyewe kwamba ni waganga waliokosewa herufi.

Tahadhari moja. Sura ya 14 ina mzaha wa kuwafananisha Waafrika na nyani, tena unarudiwa ili kuukazia. Usiwape darasa kitabu kizima bila kuwaandaa. Anza na sura ya 15 peke yake, iwekeni kando ya mnayoyajua kuhusu historia ya mji, halafu ndipo mrudi kwenye ya 14 mkiwa na la kusema. Kama riwaya, hiki si kitabu bora cha Verne. Mara nyingi ni ramani iliyotiwa vichekesho. Kwa mtu wa Tabora, hata hivyo, hiyo sura moja inatosha kulipia bando.

Nimenunua kwenye vitabu vya mtumba riwaya ya Verne ya safari ya kwenda katikati ya dunia. Kijana anayesimulia anaitwa Harry na mjomba wake Hardwigg. Rafiki yangu ana kitabu hichohicho lakini chake ni Axel na Lidenbrock. Kipi ni feki? Na zile ligi 20,000 katika jina la kitabu chake cha baharini, ni kina?
*Kijana wa Mwanga, Kigoma*

Feki hakuna, ila chako ndicho kibovu. Mwaka 1871 ilitoka London tafsiri ambayo mfasiri wake aliwabadilisha wahusika majina, akaongeza vya kwake na kupunguza vya mwandishi. Kwa kuwa haina mwenye hakimiliki, wachapishaji wanaendelea kuitoa mpaka leo ikiwa na jalada jipya linalong'aa. Ukikuta "Hardwigg" kwenye ukurasa wa kwanza, kirudishe. Kinachofaa kinaanza Hamburg, Jumapili tarehe 24 Mei 1863, na profesa anaitwa Lidenbrock (au Liedenbrock katika tafsiri moja ya zamani ambayo si mbaya).

Hali ni ileile kwa *Twenty Thousand Leagues Under the Sea*. Tafsiri ya Kiingereza ya Mercier, iliyosambaa kuliko zote, iliacha karibu robo ya kitabu, hasa sayansi na siasa, halafu watu wakamlaumu Verne kuwa ni mwandishi wa watoto. Kipimo chake kiko sura ya pili: ukiona msimulizi anasema ametoka kwenye "disagreeable territory" ya Nebraska, ni hiyo. Mfasiri alikutana na jina la mahali, Badlands, akalichukua kama tusi. Project Gutenberg, maktaba ya bure ya mtandaoni, inayo tafsiri kamili ya F. P. Walter. Chukua faili la EPUB (aina ya faili la kusomea vitabu kwenye simu) lisilo na picha; kwa kawaida halifiki MB moja, na ukishalipakua husomi tena kwa bando.

Ulitaka pia kujua kama ligi 20,000 ni kina. Hapana, ni urefu wa safari. Ligi ni kipimo cha zamani cha umbali, na ya Verne ni kilomita 4, kwa hiyo ni kilomita 80,000, mara mbili ya mzunguko wa dunia. Kina hakiwezi kufika huko: hata Ziwa Tanganyika, lililo la pili duniani kwa kina kati ya maziwa, linaishia mita 1,470.

Nimeanza *Dune* mara tatu, mara tatu nimekwama kabla ya ukurasa wa 40. Maneno mageni kila mstari, na kamusi iliyo mwishoni inanichosha. Nifanyeje?
*Dada wa Ujiji*

Dada, wewe wa Ujiji una ufunguo ambao msomaji wa Chicago hana. Frank Herbert, aliyetoa kitabu hiki mwaka 1965, alichota maneno ya watu wake wa jangwani kwa wingi kutoka Kiarabu, na Kiswahili kilishachota kisima hichohicho zamani. Fungua faharasa ya mwishoni usome kwa sauti: *Aql*, jaribio la akili. *Ilm*, elimu ya dini. *Ayat* na *Burhan*, aya na buruhani, yaani ishara na thibitisho za uhai. *Sirat*, daraja jembamba, lile la Sirati unalolijua tangu chuoni. Paul, mhusika mkuu, anapoitwa *Lisan al-Gaib*, Mwingereza anakimbilia faharasa. Wewe umeshasikia "ghaibu" ukajua kwamba hii ni sauti itokayo kusikoonekana.

Lakini kuna mitego, na ndiyo inayowapoteza waliojiamini. *Baraka* kwa Herbert si baraka, ni mtu, walii aliye hai mwenye nguvu za ajabu. *Adab* si adabu. Ni kumbukumbu inayokujia yenyewe na kukushika isikuachie. Ukisoma maneno hayo mawili kwa Kiswahili, sentensi itakuwa na maana, na maana hiyo itakuwa siyo. Andika haya mawili kwenye kipande cha karatasi ukiweke kitabuni.

Halafu badilisha namna ya kusoma. Kwenye kurasa 100 za kwanza usiende kwenye faharasa hata mara moja. Neno usilolijua liwekee nukta ya penseli pembeni, songa mbele. Mengi yatajieleza kabla ya kurasa kumi kupita. Ukimaliza sura ndipo uangalie yaliyobaki, ambayo mara nyingi hayazidi matano. Kinachowakwamisha watu si ugumu wa maneno. Ni kule kwenda mwisho na kurudi kunakokata uzi wa hadithi kila dakika.

Jambo la mwisho: usisome ukimsaka msaliti ni nani. Mwandishi anamtaja mapema kwa makusudi. Unachotakiwa kungojea ni lini, na kwa nini waliomzunguka hawaoni.

Nimestaafu kazi ya reli. Mjukuu ananicheka ninaporudia vitabu nilivyokwisha kuvisoma. Kuna namna ya kurudia kitabu ili kitoe kipya?
*Mzee wa Ng'ambo, Tabora*

Shikamoo mzee wetu. Namna ipo, nayo ni kuingia na swali moja, si kumi. Kitabu ukikirudia bila swali, macho yanapita palepale yalipopita.

Chukua *Kusadikika* cha Shaaban Robert, cha 1951, ambacho bila shaka unacho. Mara ya kwanza wengi husoma safari: wajumbe sita, wanne pande nne za dunia, mmoja mbinguni, mmoja ardhini. Safari hii soma baraza. Karama ni mshitakiwa, na safari zile zote ni utetezi wake mbele ya mashitaka aliyoletewa na Majivuno. Chora safu mbili daftarini. Kushoto andika kila mjumbe alirudi na jambo gani la kufaa nchi. Kulia, alitendewa nini aliporudi. Ukifika kwa mjumbe wa tatu utaona ngano imegeuka faili la kesi.

Kwa Kiingereza, *The Time Machine* cha H. G. Wells, cha 1895, kinafaa sana kwa kazi hii. Ni maneno kama 32,000 tu. Treni ya usiku ya kwenda Kigoma inakimaliza na muda unabaki. Msafiri anafika mwaka 802,701 na kila mara anatoa maelezo ya nini kimewapata wanadamu. Anakosea, anarekebisha, anakosea tena. Weka alama kila anapotoa maelezo mapya, na nyingine pale yanapoporomoka. Usomaji wa kwanza ulimwamini. Huu wa pili unamfuata kama fundi anayekagua kazi ya fundi mwenzake.

Na kama una *The Hobbit* cha J. R. R. Tolkien, soma sura ya 5, ile ya mafumbo gizani, kisha uende kwenye dibaji ya *The Lord of the Rings* panapoelezwa jinsi Bilbo, mhusika mkuu wa *The Hobbit*, alivyoipata pete ya Gollum, kiumbe wa gizani. Katika chapa ya 1937 Gollum alikubali kushindwa, akaomba radhi na kuonesha njia. Mwaka 1951 Tolkien aliibadilisha sura hiyo ili iendane na riwaya kubwa aliyokuwa ameiandika. Ile ya zamani hakuitupa: aliifanya kuwa uongo aliousimulia Bilbo. Mjukuu akicheka tena, mwulize mwandishi gani mwingine amemfanya mhusika abebe lawama ya toleo la kwanza.

Vitabu vya Narnia: nianze na kilichoandikwa namba 1?
*Mwanafunzi, Kasulu*

Hapana. Namba hizo zinafuata mpangilio wa matukio. Anza na *The Lion, the Witch and the Wardrobe*, cha 1950, kisha fuata miaka ya kutoka. *The Magician's Nephew*, kinachopewa namba 1 siku hizi, kilitoka 1955, na utamu wake unamtegemea anayeijua tayari ile taa iliyosimama porini.

Riwaya yangu nene imeachia kurasa. Niliweka selotepu, sasa imekuwa njano na inanata. Mimi ni fundi cherehani, vifaa vidogo ninavyo.
*Fundi, Katubuka, Kigoma*

Fundi, kwanza tazama mgongo kwa juu. Ukiona vifungu vya karatasi vilivyokunjwa na uzi kati yake, hicho kimeshonwa: kishone tena kwa kupitisha sindano kwenye matundu yaleyale, bila gundi kati ya kurasa. Ukiona karatasi mojamoja zimeshikwa na gundi tu, gundi hiyo imekauka na kupasuka, mara nyingi kwa sababu kitabu kilikuwa kikilazwa kifudifudi. Selotepu usiirudie, na gundi kali ya kubandika viatu au plastiki usiitie kabisa. Inakuwa kama kioo na itavunjika tena.

Tumia gundi nyeupe ya mbao. Ondoa jalada, kwangua gundi ya zamani kwa kisu butu, panga kurasa kwa namba na uzigonge mezani mpaka mgongo uwe sawa. Bana kwa vibao viwili ukiacha sentimita 3 upande wa mgongo nje. Pinda kurasa kulia ili mgongo ujifungue kama kipepeo, paka gundi nyembamba. Pinda kushoto, paka tena. Hapo ndipo siri ilipo: kila karatasi inapata uzi wa gundi ubavuni, si kwenye ncha tu. Zinyooshe, laza juu ya mgongo utepe wa shashi au pamba nyepesi gundi ikiwa mbichi, kaza vibao, acha saa 24. Msimu wa mvua, kwa unyevu wa ziwani, ongeza siku moja. Jalada hurudi mwisho.

Kurasa za mwanzoni, zenye mwaka wa chapa na jina la mfasiri, zirudishe hata kama zimechanika vipande. Tukikuuliza una toleo gani, ndizo utakazotusomea.