Tarehe 12 Februari: kwa mnaoanza utume wa kutembelea wagonjwa

Ndugu zangu mliojiunga mwaka huu na utume wa wagonjwa wa parokia yetu, nawakaribisha kwa moyo wote. Viongozi wameniomba niwaandikie yale tuliyojifunza katika miaka 14 ya kwenda wodini na majumbani hapa Dar es Salaam, nami nimeona nianze na tarehe ambayo hakuna anayeiadhimisha.

Mwaka 1992 Papa Yohane Paulo II aliiweka Siku ya Wagonjwa Duniani, na tangu mwaka 1993 Kanisa huiadhimisha kila tarehe 11 Februari, katika kumbukumbu ya Bikira Maria wa Lurdi. Siku hiyo hospitali za jiji letu hupokea wageni wengi: akina mama wa WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki, katika vitenge vyao, vijana wa kwaya, katoni za sabuni, mifuko ya mchele na sukari, na sala inayosaliwa kwa sauti kutoka mlangoni mwa wodi. Ni siku njema, na mimi hushiriki kila mwaka. Hata hivyo mgonjwa aliyepokea sabuni tarehe 11 huamka kitandani pale pale tarehe 12, maumivu yakiwa yale yale na kiti cha kando yake kikiwa kitupu, na utume huu mliojiandikisha ni wa tarehe 12.

Watu wa jiji hili hawana upungufu wa huruma. Msiba ukitokea mtaani, kabla jua halijazama turubai limefungwa, viti vimekodiwa, mikeka imetandikwa, daftari la rambirambi limefunguliwa, na majirani, Wakristo kwa Waislamu, wanalala nje na wafiwa. Mtu huomba ruhusa kazini na kusafiri usiku kucha hadi Moshi au Songea ili amsindikize marehemu. Kuzika tunajua. Kuuguza ndiko kunakotushinda, kwa sababu msiba una siku zake zinazohesabika, ilhali ugonjwa wa muda mrefu hauna mwisho unaojulikana, na wageni hupungua wiki baada ya wiki mpaka anabaki mke, au binti mmoja aliyeacha biashara yake. Nimeketi katika misiba iliyojaa watu mpaka barabara ikafungwa, wakimlilia mtu ambaye katika miezi yake ya mwisho wageni wake walikuwa wa kuhesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Siwanyoshei wengine kidole, maana zaidi ya mara moja nami nilikuwa miongoni mwa waliokuja turubai likiwa limekwisha kufungwa.

Bwana wetu alisema, "nalikuwa mgonjwa, mkaja kunitazama." Kiswahili chetu kinalishika neno hilo vizuri, kwa kuwa mpaka leo tunasema tunakwenda kumtazama mgonjwa, na kitenzi cha Kigiriki kilichotumika pale, chenye maana ya kumwangalia mtu kwa kumjali, kina shina moja na neno lililotupatia "askofu", yaani mwangalizi. Mkisoma mstari huo polepole mtaona kwamba hatuulizwi kama tulimponya mgonjwa, wala kama tulimlipia matibabu yote. Tunaulizwa kama tulikwenda na kumtazama, jambo lililo ndani ya uwezo wa fundi cherehani, wa mwanafunzi wa chuo na wa mzee mstaafu. Wengi wanaoanza huamini kwamba lazima wafike na kitu mkononi au na neno kubwa mdomoni, na siku wanapokosa kitu na neno huona haya kwenda. Tumewapoteza watu wazuri kwa njia hiyo.

Katika mwaka wangu wa pili nilikuwa namtembelea mama mmoja aliyetoka mkoa wa mbali kuja kutibiwa saratani kwa mionzi. Matibabu hayo kwa kawaida hutolewa siku tano za wiki kwa wiki kadhaa, na ndugu zake hawangeweza kukaa mjini muda wote huo. Jumatatu moja nilimwambia, "Mama, Alhamisi nitakuja." Alhamisi kikao cha kazini kilichelewa kwisha, foleni ya Barabara ya Mandela ilikuwa haisogei, nami nikajiambia kwamba Jumamosi haiko mbali. Jumamosi nilipofika nilimkuta ameketi ukingoni mwa kitanda, kitenge amejifunga vizuri. Hakunilaumu. Alifungua kabati dogo la chuma akatoa chungwa lililomenywa ganda la juu, kama wanavyolimenya wauzaji wa barabarani, na ile nyama nyeupe ya nje ilikuwa imekauka na kuwa ngumu kama ngozi. "Hili ni la Alhamisi," alisema. Jirani yake wa kitanda alikuwa ameletewa machungwa mawili akampa moja, naye akaniwekea mimi, kwa kuwa hakutaka mgeni wake afike asikute kitu. Nililila lote mbele yake, mbegu nikizitemea kiganjani, huku akinieleza jinsi ya kuvundika mihogo kijijini kwao. Nilipokuwa natoka muuguzi aliniambia kwamba siku ile ya Alhamisi mama alikataa kulala mchana, asije akapitiwa na usingizi mgeni akageuka na kuondoka.

Tangu hapo sitaji siku nisiyokuwa na hakika nayo. Ni afadhali kumwambia mgonjwa, "Wiki hii sitakuja, wiki ijayo Jumanne nitakuja," kuliko kumwachia "nitajitahidi" ambayo yeye huisikia kama ahadi. Na tangu hapo sikatai kitu ninachopewa na mgonjwa. Wazee wetu waliposema mgeni njoo, mwenyeji apone, walimfikiria mwenyeji anayepona kwa sababu amepata nafasi ya kuwa mwenyeji, na mtu aliyelala wodini miezi miwili akihudumiwa kwa kila kitu anahitaji sana nafasi hiyo.

Mnapofikiri juu ya kujitoa sadaka huenda mnawakumbuka watakatifu wenye habari kubwa, na ni vizuri mkawakumbuka. Yupo Padre Damiani, Mbelgiji, aliyekwenda mwaka 1873 akiwa na umri wa miaka 33 kuishi na watu wenye ukoma waliotengwa katika kisiwa cha Molokai huko Hawaii. Aliwafunga vidonda, akawajengea nyumba, akawatengenezea majeneza na kuwachimbia makaburi, na mwishowe akaugua ugonjwa huo huo akafa mwaka 1889. Watu wengi husimulia kuugua kwake kana kwamba hiyo ndiyo sadaka yenyewe. Mimi naiona zaidi katika ile miaka karibu 16 ya kuamka kila asubuhi mahali ambapo wengine walipelekwa kwa lazima, na kubaki. Nasema hivyo kwa uangalifu, kwa maana tuliwahi kuwa na kijana aliyekataa kuvaa glavu akimsafisha mgonjwa, akidhani kwamba upendo wa kweli haujikingi. Vaeni glavu. Naweni mikono kabla na baada ya kumgusa mgonjwa, na mwenye mafua abaki nyumbani, kwa sababu kwa mtu aliyepungukiwa kinga ya mwili mafua yetu si jambo dogo.

Kwa wengi wetu sadaka itakuwa ya saa. Anayetoka Mbezi au Gongo la Mboto kwenda Muhimbili jioni hutumia njiani muda mrefu kuliko ule atakaoketi na mgonjwa, na baada ya kusimama kwenye daladala safari nzima hupewa robo saa tu kabla kengele ya kuwatoa wageni haijalia. Robo saa hiyo ni yake, isigawanywe na simu. Zimeni simu zenu. Ya kwake ichajini, mkaiwekee na vocha, kwa kuwa mgonjwa aliyelazwa mbali na kwao huogopa sana kukatika kwa mawasiliano na watoto.

Majumbani tulichelewa kuelewa kwamba mgonjwa si mmoja. Huko Mbagala tulikuwa tunamtembelea baba aliyepooza upande mmoja kwa kiharusi. Kila tulipofika tukiwa sita au saba, mke wake alikimbia dukani kutununulia soda, akaazima viti kwa jirani, akaketi nasi akijibu maswali, na tulipoondoka tukiwa tumefurahi alibaki na chupa za kurudisha. Siku moja mwenzetu, ambaye ni muuguzi mstaafu, alimtazama usoni akamuuliza mara ya mwisho alilala lini usiku mzima. Yule mama hakuweza kukumbuka. Mgonjwa asiyeweza kujigeuza hugeuzwa kila baada ya saa mbili hivi ili asipate vidonda vya kulalia upande mmoja, na kazi hiyo alikuwa ameifanya peke yake, usiku na mchana, kwa wiki kumi na moja. Mwenzetu akamwambia, "Dada, nenda kalale. Mimi nipo hapa mpaka saa kumi na mbili." Alilala mkekani chumba cha pili, kanga amejifunika mpaka kichwani, akaamka baada ya saa nne akiwa ameshtuka, akamkuta mume wake amekwisha kunyweshwa uji na kubadilishwa shuka. Baada ya siku ile tunakwenda wawili wawili, hatuketi kupokewa, na chakula chetu tunakula kabla ya kufika.

Kazi hizo zinafundishika, nanyi mtafundishwa. Mtajifunza kumwinua mgonjwa aketi kabla ya kumlisha, kujaza kijiko nusu tu, kukigusisha mdomo wa chini na kungoja aufungue mwenyewe, kisha kutazama koo mpaka limeze kabla hamjachota tena. Kwa mtu aliyepata kiharusi haraka ya mlishaji huweza kupeleka uji kwenye njia ya hewa. Sijaona mahali pengine ambapo uvumilivu anaousema Mtume Paulo unapimwa waziwazi kama kwenye bakuli la uji linalochukua dakika arobaini.

Kuhusu maneno sina mengi. Rafiki watatu wa Ayubu waliketi naye chini siku saba, usiku na mchana, bila kunena neno, na hapo walikuwa rafiki wa kweli. Makosa yao yalianza walipofungua vinywa kueleza sababu. Msimwambie mtu kwamba Mungu amempa mzigo huo kwa kuwa anauweza. Msimsimulie habari za shangazi yenu aliyekuwa na uvimbe kama huo. Akilia, lieni naye au nyamazeni naye, na akitaka kuzungumza juu ya mpira wa Simba na Yanga kwa saa nzima, zungumzeni mpira.

Jambo moja halina msamaha katika utume wetu, nalo ni kumshauri mgonjwa aache dawa kwa sababu ameombewa. Tunasali kwa imani yote, na dawa inamezwa saa yake.

Sala yenyewe huombwa kwa ruhusa. Katika wodi za Dar es Salaam vitanda vya Waislamu na vya Wakristo vimechanganyika, na anayeketi na mgonjwa wake akampita jirani bila hata salamu amekwisha kumwambia kwamba upendo wake una mipaka. Msalimieni, mwulizeni hali, mpeni maji kama hawezi kuyafikia, na msimwekee mkono wa sala asiyeuomba. Picha hatupigi, na jina la ugonjwa wa mtu halitoki nje, hata kwa njia ya kuombea nia kwenye jumuiya.

Mgonjwa Mkatoliki akitaka sakramenti, mwiteni padre mapema. Familia nyingi huogopa kumwita, wakidhani kwamba Mpako wa Wagonjwa, yaani sakramenti ya kumpaka mgonjwa mafuta matakatifu, ni tangazo la kifo, ilhali Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mkutano mkuu wa maaskofu wa Kanisa, ulisema wazi kwamba si sakramenti ya wale tu walio katika saa ya kufa. Na wenye afya miongoni mwenu, kama wataalamu wakiwakubalia, toeni damu. Kina mama wanaojifungua, watoto wenye selimundu na majeruhi wa bodaboda huihitaji kila siku, na hampati kujua imekwenda kwa nani.

Kuhusu fedha, mtaombwa, na mara nyingi mtakuwa hamna. Asiye na uwezo wa kulipia matibabu mpelekeni kwa afisa ustawi wa jamii wa hospitali, mkae naye kwenye benchi mpaka aitwe, kwa sababu watu wengi wanaokata tamaa pale hukata tamaa wakingoja peke yao.

Zamu ya kwanza ni Jumanne. Tunakutana getini saa tisa na nusu alasiri, kila anayeanza na mwenzake mzoefu, na kila wawili watakabidhiwa mgonjwa mmoja ambaye watakwenda kwake mpaka atakaporuhusiwa kurudi nyumbani, au mpaka tutakapomzika. Ambaye Jumanne haiwezekani kwake aniambie kabla ya Jumapili, kwa kuwa Jumapili jioni ndipo tunapowaambia wagonjwa nani anakuja.