Pumzi 16, vitanda vyote sita?

Wadogo zangu manesi mliotua Uingereza juzi, jana usiku nimepitia chati za wodini: pumzi 16 kwa dakika, vitanda vyote sita. Wagonjwa wanapumua pamoja kama kwaya! Nimecheka, kisha nikakasirika, maana na mimi niliandika hivyohivyo, bila kuhesabu.

1. Hesabuni dakika nzima, mkono ukiwa kwenye mshipa kama mnapima mapigo, mgonjwa asijue.

2. Timu ya ICU (wagonjwa mahututi) iiteni mapema. Hapa ndipo nilipoumia. Wiki moja nyuma nilikuwa nimewaita, nesi wao akatazama chati akauliza, "Ni hili tu?" Aibu ilinishuka mpaka visiginoni, nikaapa siwaiti tena ovyo. Basi mzee mmoja, siku ya pili baada ya upasuaji wa utumbo, usiku akawa anavutavuta shuka na kuniita jina lisilo langu. Wazungu na majina yetu mnawajua, nikaitika. Saa nane: mapigo 112, presha (namba ya juu) 108, oksijeni 94 bila mashine. Pumzi nikabuni 18. Kwenye fahamu nikatia A, yaani yuko macho, sawasawa. NEWS2, ile jumla ya alama za hatari, ikatoka 4, nikaenda zangu kunywa chai. Saa kumi msimamizi wa zamu akahesabu pumzi: 24. Akamsemesha mzee kidogo tu, akafuta A akaandika C, yaani amechanganyikiwa. Jumla 9. Ile C peke yake, alama 3 juu ya zile 4, ingenifikisha 7 tangu saa nane, na 7 ni mbio! Timu ikaja, na nesi ni yuleyule wa "ni hili tu". Safari hii hakusema kitu, akashika chati yangu muda mrefu. Mshono wa utumbo ulikuwa umeachia. Mzee alirudi wodini baada ya wiki mbili, amekonda.

3. Daktari akisema anakuja na haji, pigeni tena. Mgonjwa akizima, pigeni 2222, namba ya dharura ya hospitali, wala msiombe ruhusa.

4. Timu ikifika, msikimbilie kengele za vitanda vingine. Baki hapo, wao hawajui jana alikuwaje. Usiku ule waliniuliza kama ndivyo anavyoongea siku zote, nikabaki kutazama sakafu. Aliyejibu ni mgonjwa wa kitanda cha pili: hilo jina ni la binti yake, na amekuwa akimwita tangu chakula cha jioni.