Kaka yangu alichaguliwa kwenye gwaride la utambulisho. Je, jicho la mtu mmoja linatosha kumfunga?

Swali: Assalaamu alaykum wakili. Mimi ni mkaazi wa Micheweni, Pemba. Kaka yangu yupo rumande kwa kesi ya unyang'anyi. Mwenye duka aliyeporwa anasema alimuona saa sita usiku kwa mwangaza wa tochi ya simu, ameshika panga. Kaka alipokamatwa, picha yake ilizagaa kwenye makundi ya WhatsApp. Baada ya siku 11 ndipo likafanywa gwaride, watu wakapangwa mstarini ili mwenye duka amuoneshe mwizi, na kaka akachaguliwa. Ushahidi mwengine hakuna. Anaweza kufungwa kwa hilo tu? Na kwa nini sheria haibadilishwi ikawalinda watu kama yeye?

Jibu: Waalaykum salaam, ndugu yangu. Pole sana, wewe na wazee.

Shahidi mmoja anatosha kumtia mtu hatiani; sheria haihesabu vichwa. Ila inalipima jicho lenyewe. Katika kesi ya Waziri Amani ya mwaka 1980, Mahkama ya Rufani ya Tanzania, ambayo ndiyo inayopokea rufaa kutoka Mahkama Kuu ya Zanzibar, ilisema ushahidi wa kumtambua mtu kwa macho ni dhaifu mno, na usitegemewe mpaka mahkama iridhike kuwa hakuna mwanya wa shahidi kukosea. Alimtazama kwa muda gani? Umbali gani? Mwangaza ulikuwaje? Aliwahi kumuona kabla?

Hapo kwenye mwangaza pashikeni sana. Tochi ilikuwa mkononi mwa nani? Kama aliishika mwizi, basi ilimmulika mwenye duka. Fanyeni jaribio leo baada ya isha, taa zote zimezimwa: mmoja awashe tochi ya simu akuelekezee usoni, nawe useme nyuma yake umeona sura gani. Utaona duara jeupe na kiza. Na kama tochi alikuwa nayo mwenye duka, aulizwe aliimulika wapi, usoni au kwenye panga. Mtu anayetishwa kwa silaha mara nyingi macho yake hubaki kwenye silaha.

Jengine ni maneno yake ya mwanzo. Wakili wenu aombe maelezo aliyoandikisha polisi kabla kaka yako hajakamatwa. Alitaja jina? Alisema mrefu au mfupi, ana ndevu au hana? Katika kesi ya Marwa Wangiti Mwita, Mahkama ya Rufani ilieleza kuwa shahidi kumtaja mtuhumiwa mapema ni jambo kubwa la kumfanya aaminike, na akichelewa bila sababu mahkama ijiulize. Kama wakijuana, mbona hakumtaja? Na kama alimtaja, gwaride lilikuwa la nini?

Gwaride nalo lina kanuni zake tangu mwaka 1936, zilizowekwa na iliyokuwa Mahkama ya Rufani ya Afrika Mashariki katika kesi ya Mwango Manaa. Mtuhumiwa apangwe na watu wasiopungua 8 wanaofanana naye kwa umri, kimo na hali. Achague mwenyewe pa kusimama. Askari anayepeleleza kesi asilisimamie. Na shahidi asiwe amemuona mtuhumiwa kabla. Hili la mwisho ndilo lenu. Kama mwenye duka aliiona ile picha, basi pale kwenye mstari alikuwa akiitafuta sura ya kwenye simu. Msiufute ujumbe, uhifadhini na tarehe na saa yake, na muandike nani walikuwemo kwenye kundi.

Niliwahi kutetea kesi ambayo watu wote kwenye mstari walivaa viatu isipokuwa mmoja. Aliyetoka mahabusu alikuwa amevuliwa viatu na mkanda, na muda wote ameishika suruali kwa mkono isimvuke. Kwenye fomu ya gwaride hayo hayakuandikwa. Idadi imetimia, saini zimetimia.

Sasa swali lako la pili, ambalo nami linaniuma. Kanuni hizi zimezaliwa kwenye hukumu, na gwaride bovu mara nyingi hugunduliwa kwenye rufaa, mtu ameshakaa Chuo cha Mafunzo, yaani jela yetu ya Zanzibar, misimu kadhaa ya karafuu. Mimi nataka kosa lizuiwe kituoni. Kule Marekani, jimbo la North Carolina, Ronald Cotton alihukumiwa mwaka 1985 kwa ubakaji. Jennifer Thompson, aliyefanyiwa unyama ule, alimtazama mbakaji kwa makusudi ili asimsahau, na mahkamani alipomuonesha Cotton hakusema uongo hata chembe. Mwaka 1995 kipimo cha DNA kikaonesha ni mtu mwengine kabisa. Mwaka 2007 jimbo likatunga sheria kuwa anayeendesha gwaride awe hajui mtuhumiwa ni yupi, asije akampa shahidi ishara hata kwa kukohoa. Hilo halihitaji maabara wala fedha nyingi. Tukiongeza na kurikodi video tangu shahidi anapoingia, suruali ile hakimu angeiona.

Baraza la Wawakilishi liliandika upya Sheria ya Ushahidi mwaka 2016 na ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai mwaka 2018, kwa hiyo uwezo upo. Ila Jeshi la Polisi ni la Muungano, na mwenye kudai mageuzi haya lazima abishe milango miwili, wa Zanzibar na wa Muungano.

Kuna na pengo la mwisho. Baada ya Mahkama ya Rufani, maombi ya mapitio, yaani ya kuitaka mahkama hiyo iitazame upya hukumu yake yenyewe, yana siku 60, na ushahidi mpya haumo katika sababu zake. Uingereza ina tume ya kuchunguza hukumu zenye shaka tangu 1997. Sisi tunabaki na msamaha wa Rais, na asiyekosa hataki kusamehewa, anataka hukumu ifutwe.

Kama hamna uwezo wa kuweka wakili, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2018 ipo kwa ajili yenu, na Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar kina ofisi Pemba. Nendeni kabla mwenye duka hajatoa ushahidi. Masuala ya tochi na picha aulizwe akiwa bado kizimbani. Yakipita siku hiyo bila kuulizwa, mahkama inaweza kuchukulia kuwa mmeyakubali aliyoyasema.